Uliza Ujibiwe: Wakfu bila karatasi, zaka ndani ya simu, na mengineyo

Maswali mengi ya safari hii yameangukia sehemu moja, nani anashika pesa za sadaka na anazishika vipi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Ya talaka na mirathi yatangoja toleo lijalo, mnisamehe. Na kama kawaida, mimi si mufti. Nasoma fiqhi na nakagua hesabu za taasisi, basi, anayetaka fatwa ya jambo lake lenye mgogoro aende kwa mwanachuoni anayemwamini.

Asalamu alaikum Ustadhi. Mzee wetu mmoja alitamka mbele ya jamaa msikitini kwamba nyumba yake ya kupangisha ni wakfu wa madrasa. Kodi ikawa inaletwa kila mwezi miaka na miaka. Sasa mzee katangulia mbele ya haki, watoto wake wanasema hawajui habari ya wakfu, hati ina jina la baba yao na wao ndo warithi. Sisi hatuna karatasi hata moja. Tufanyeje? (Katibu wa kamati)

Waalaikum salaam katibu. Kifiqhi mambo yako wazi kuliko unavyodhani: wakfu unathibiti kwa tamko, wanachuoni wengi hawakuweka maandishi kuwa sharti, na kwa madhehebu ya Shafi mtu akishatamka vizuri ile mali imeshamtoka, haimo tena kwenye mirathi. Tatizo lenu ni ushahidi. Korti haiwezi kusikia maneno ya marehemu, inaona hati yenye jina lake na watoto wenye cheti cha kifo.

Kwa hiyo anzeni leo kukusanya, maana mashahidi nao wanazeeka. Kila aliyekuwepo siku ile aandike alichosikia, wapi na mbele ya nani, atie saini. Halafu tafuteni daftari la madrasa, kila mwezi ambao kodi ya ile nyumba iliingia ni ushahidi mzito sana, kwa sababu mtu haleti kodi ya nyumba yake madrasa miaka yote hiyo bila sababu. Mkishakuwa na hivyo nendeni kwa watoto kwanza, na msiende kamati nzima kama mnaenda kukamata mtu, mpelekeni mzee mmoja au wawili wanaowaheshimu. Inawezekana kweli hawajui, baba hakuwaambia. Mkishindwana nendeni kwa kadhi au chombo cha wakfu kama kipo kwenye sheria za nchi yenu, na kesi ya korti iwe ya mwisho kabisa.

Sasa ngoja niseme na wale wengine wote wanaosoma hapa wakidhani haiwahusu. Sayyidna Umar alipopata ardhi kule Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka ushauri, akaambiwa ukitaka zuia asili yake na utoe sadaka mazao yake, yaani isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Hadithi hii kila mtu anaijua. Kinachosahaulika ni kwamba Umar aliiandika, na maandishi yake yamepokewa: mali gani, ya nani, nani ataisimamia, na huyo akifa nani atafuata. Huyo ni Umar, na walioishi naye ni maswahaba, na bado hakuona kwamba kuaminiana kunatosha! Sisi mtu akidai karatasi tunamwambia ana shaka na Waislamu wenzake.

Na karatasi yenyewe lazima iwe mbili. Moja ni hati ya wakfu kwa masharti ya sheria ya dini, nyingine ni usajili unaotambuliwa na nchi, iwe ni kamisheni ya wakfu, iwe ni amana iliyosajiliwa, inategemea uko wapi. Kuna historia chungu hapa. Mwaka 1894 baraza la rufaa la London, Privy Council, liliamua kesi kutoka India kwamba wakfu wa kizazi, yaani wenye faida zinazokwenda kwa watoto na wajukuu kwanza na maskini mwishoni kabisa, ni batili. Waislamu wa India walipiga kelele mpaka ikatungwa sheria ya kuurudisha mwaka 1913, lakini mawazo yale hayakufa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza lilelile likayatumia tena kwenye kesi iliyotoka Kenya. Wakfu ulikuwa sahihi mbele ya Mungu na mbele ya masheikh wote, na ukaanguka mbele ya jaji. Hivyo kabla ya kuandika muulizeni wakili anayeijua sheria ya nchi, msiridhike na anayejua Kiarabu tu.

Ndani ya hati wekeni vile vitu ambavyo watu wanaona aibu kuviuliza mtoaji akiwa hai: madrasa ikifungwa pesa ziende wapi, msimamizi akiwa mwizi nani anamwondoa, nani anakagua hesabu. Na matengenezo. Mafuqaha wanasema pato la wakfu linaanza kukarabati wakfu wenyewe ndo baadaye wanufaika wapewe, lakini ukizunguka ukaangalia majumba ya wakfu mengi utaona kodi ililiwa yote mpaka paa likaanguka.

Ustadhi, tuna grupu la WhatsApp la kuchangia wagonjwa na mayatima, tuko wengi na watu wanatoa kweli. Pesa zote zinaingia namba ya simu ya mweka hazina, ni kaka mwaminifu hakuna anayemshuku. Juzi kaniambia mwenyewe kwamba alizungusha pesa ya grupu kwenye biashara yake wiki mbili, akairudisha yote kamili. Mimi ndo admini. Niseme au ninyamaze? (Dada wa grupu)

Sema dada yangu, ila anza naye yeye.

Kuna kisa kwenye Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, kinafanana na hiki mpaka unashangaa. Watoto wawili wa Umar, Abdullah na Ubaydullah, walipita Basra wakitoka kwenye jeshi, na gavana Abu Musa al-Ash'ari alikuwa na pesa za bayt al-mal, yaani hazina ya umma, za kupeleka Madina. Akawakopesha, akawaambia nunueni bidhaa hapa Iraq mkauze Madina, mtaji mkampe Amirul Muuminina, yaani baba yao Umar aliyekuwa khalifa, na faida iwe yenu. Wakafanya hivyo, wakapata faida. Umar akawauliza, je jeshi lote alilikopesha kama alivyowakopesha nyinyi? Wakasema hapana. Akataka mtaji na faida yote. Abdullah akanyamaza, Ubaydullah akajitetea kwamba pesa ingepotea sisi ndo tungelipa, na hoja hiyo ina uzito wake. Mwishowe mtu mmoja barazani akashauri ihesabiwe kuwa ni qiradh, mtaji wa huku na kazi ya kule, Umar akachukua mtaji na nusu ya faida.

Ona kwamba hakuna pesa iliyopotea pale. Wote walikuwa waaminifu, na mwenye mamlaka aliwaruhusu. Kilichomuudhi Umar ni kwamba wamepata nafasi ambayo wengine hawakupata kwa sababu tu ni watoto wake. Kaka yenu hakuruhusiwa na mtu yeyote, kwa hiyo hali yake ni ngumu zaidi. Mshika amana kwa kawaida halipi ikipotea bila uzembe wake, lakini siku alipoitia kwenye biashara yake amevuka mpaka, na ingepotea ni deni shingoni mwake. Faida aliyopata wanachuoni wametofautiana ni ya nani. Iliyo salama kwake aitie yote kwenye mfuko alale usingizi.

Sasa hilo la kaka ni dogo. Kubwa ni ile namba. Pesa iliyo kwenye laini ya mtu, kampuni ya simu inaijua kuwa ni ya yule mtu, na akifa leo warithi wake wataifuata, na anayemdai anaweza kuifuata pia, na nyinyi mtabaki na skrinshoti. Fungueni akaunti ya kikundi au laini ya kikundi yenye watu wawili au watatu wa kuidhinisha, kila mwezi stetimenti iwekwe kwenye grupu kama ilivyo, siyo mweka hazina kuandika "tumepokea alhamdulillah tumetumia". Na zaka ikae mbali na sadaka! Hili nalikuta kila mahali, pesa zote sufuria moja. Zaka ina mafungu yake manane ya watu yaliyotajwa kwenye Qur'ani, sadaka unaweza kununulia hata mikeka, ukizichanganya huwezi tena kujua ni shilingi ya nani iliyonunua mikeka.

Kaka akikwambia kukaguliwa ni kudhalilishwa, mkumbushe Ibn al-Lutbiyya. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya sadaka za Bani Sulaym, aliporudi alimhesabia, na pale aliposema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi, Mtume akamuuliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama hiyo zawadi itamfuata. Kukagua hesabu hakukuletwa na wafadhili.

Jambo moja nje ya swali: acheni kuweka picha za wagonjwa na mayatima kwenye grupu ili kuthibitisha pesa imefika. Risiti ya hospitali inatosha, na jina lifichwe.

Mwanamke anaweza kuwa msimamizi wa wakfu? Kamati yetu inasema hapana. (Mama mwalimu)

Anaweza. Kwenye hati ya Umar niliyoitaja hapo juu msimamizi aliyeandikwa ni Hafsa, binti yake, muda wote wa uhai wake, kisha wenye rai katika watu wake. Sharti la msimamizi ni uadilifu na uwezo wa kazi. Kamati ikiwa na dalili yenye nguvu kuliko hiyo iilete tuisome.

Sisi ni vijana, hakuna mwenye nyumba wala shamba. Tunataka kuchanga kidogokidogo tufanye wakfu wa pesa, faida yake isomeshe watoto. Sheikh wetu anasema pesa haiwi wakfu. Mtandaoni tunaona nchi nyingine wanafanya. Nani mkweli? (Vijana wa mchango)

Wote wakweli, na sheikh wenu msimbeze. Kwa madhehebu ya Shafi kitu cha wakfu sharti kibaki huku kinatumika, nyumba inakaliwa na bado ipo, ila pesa huwezi kunufaika nayo bila kuitoa mkononi. Ndo maana akakataa.

Lakini fiqhi siyo madhehebu moja. Wamaliki waliruhusu pesa ya wakfu ya kukopesha watu bila riba, na kwa Wahanafi kuna rai ya Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, kwamba pesa inaweza kuwa wakfu ikafanyiwa mudharaba, yaani mmoja anatoa mtaji mwingine anafanya kazi na faida wanagawana, na faida yake kutolewa sadaka. Rai hiyo ndo iliyobeba mambo makubwa kwa Waturuki wa Kiothmani. Kule Edirne wakfu wa pesa unajulikana tangu 1423, na karne iliyofuata ulienea mpaka ukawa unaendesha misikiti na vyuo, ukazusha ugomvi mkubwa wa wanachuoni. Ebussuud Efendi, aliyekuwa Sheikhul Islam, yaani mufti mkuu wa dola, alitetea: watu wameuzoea, maslahi ya umma yako humo, ukiuvunja unavunja taasisi. Mwanachuoni mwingine, Birgivi, akapinga kwa nguvu zote.

Mimi kwenye ugomvi ule namuona Birgivi alikuwa na hoja ambayo vijana wa leo hawaitaji. Pesa nyingi zile zilikuwa zinakopeshwa kwa nyongeza iliyofichwa ndani ya mauziano ya karatasi tu, kitu kinauzwa kinarudi kwa mwenyewe na kila mtu anajua ni mkopo. Wakfu wa pesa hautenganiki na swali la pesa inawekwa wapi. Kuna na adui mwingine anayekuja kimyakimya, mfumuko wa bei. Mtu akiweka wakfu nyumba, kodi itapanda na maisha, akiweka pesa na ikakaa vilevile, baada ya miaka ishirini ile asili iliyotakiwa kubaki imebaki kwenye daftari tu.

Siku hizi Jumuiya ya Fiqhi ya Kimataifa katika kikao chake cha Muscat, 2004, imepitisha kwamba wakfu wa pesa unajuzu, na mwaka huohuo Indonesia ikatunga sheria ya wakfu, namba 41, inayotaka wakfu wa pesa upitie taasisi ya fedha ya kiislamu iliyoteuliwa na waziri, siyo mfukoni mwa mtu. Sheria hiyohiyo ikaunda bodi ya wakfu ya taifa. Tangu 2020 wana mpango wa kuweka pesa za wakfu kwenye sukuk za serikali, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba, mtoaji anaweza kuweka kwa muda tu akarudishiwa mtaji wake, na faida imeenda kwenye mambo kama kituo cha matibabu ya macho huko Serang. Sheikh wenu hilo la kurudishiwa pia atalikataa, kwa Shafi wakfu ni wa milele, wakati Wamaliki wanakubali wa muda.

Nyinyi sasa. Ushauri wangu msing'ang'anie neno wakfu wa pesa. Chukueni njia ya saham wakaf ambayo majimbo kadhaa ya Malaysia yameitumia, watu wanachanga vipande vidogovidogo vya kununulia mali moja, duka, chumba, kipande cha ardhi, na ile mali ikishanunuliwa ndo inakuwa wakfu. Hapo hata sheikh wenu mtakwenda naye, kwa sababu kilichowekwa wakfu ni duka. Andikeni mapema tu kwamba mchango usipofika kiasi ndani ya muda fulani pesa zitafanywa nini, maana hapo ndo makundi mengi ya vijana yanapofia, wamefika nusu ya bei wameishiwa nguvu na kila mmoja anataka chake.

Taasisi inaruhusiwa kukata asilimia ngapi ya zaka kwa mishahara na mafuta ya gari? (Mtoa zaka)

Aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja wenye kuitumikia zaka kuwa fungu mojawapo, kwa hiyo asili ya kulipwa ipo. Waliosema mafungu yote nane yagawiwe sawasawa, na hii ni kauli maarufu ya Shafi, hesabu yao inatoa moja ya nane, 12.5%, na Indonesia wamekifanya hicho kuwa kiwango cha juu kwa watumishi wa zaka. Wengine wanasema apewe ujira wa mfano wa kazi yake, uwe mdogo au mkubwa, usizidi hapo.

Hata hivyo swali lililo muhimu zaidi ni hii taasisi ni nani. Yule mtumishi wa kwenye aya ameteuliwa na mtawala, akipokea yeye ni kama fakiri kapokea, wewe umeshatoka jukumuni. Jumuiya iliyojianzisha yenyewe na kufungua ofisi, wanachuoni wengi wanaihesabu ni wakili wako wewe mtoaji, maana yake zaka haijatoka mpaka imfikie anayestahili, na ikilala kwenye akaunti yao mwaka mzima imelala shingoni mwako. Mimi nikichangia pahali kama hapo nauliza maswali mawili tu, mishahara inatoka wapi na zaka ya mwaka jana iliisha tarehe gani. Wanaojiheshimu wanatafuta pesa ya uendeshaji kwenye sadaka za kawaida au kwa mfadhili aliyekubali kuwa pesa yake ni ya uendeshaji. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, kwenye mfuko wake wa zaka uliozinduliwa 2019, lilitangaza kwamba zaka yote inakwenda kwa wakimbizi bila makato. Siyo taasisi ya kiislamu na imeweza.

Tuna kiwanja cha wakfu katikati ya mji, jengo limechakaa, kodi haitoshi hata kupaka rangi. Tajiri mmoja anataka kukinunua na atupe kiwanja kikubwa mara tatu nje ya mji. Wajumbe wengi wamekubali. Mimi moyo unasita. (Mjumbe)

Acha huo moyo usite mjumbe, sitasita hivyohivyo mpaka uone namba.

Kubadilisha wakfu, istibdal, ni mlango uliopo lakini mwembamba. Wafuasi wa Shafi karibu wanaufunga. Wahanbali wanaruhusu kuuza pale manufaa yanapokatika, wanachukua tukio la Umar kumwamuru Sa'd ibn Abi Waqqas auhamishe msikiti wa Kufa baada ya bayt al-mal kuvunjwa na mwizi. Wahanafi ndo waliouandikia masharti mengi kuliko wote, na ukiyasoma unajua waliwahi kuona wizi: isiuzwe kwa hasara ya wazi, msimamizi asimuuzie ndugu yake ambaye ushahidi wake kwake haukubaliki, asimuuzie mtu anayemdai, na kadhi aridhie. Kwa hiyo kabla ya kupiga kura ulizeni tajiri ana uhusiano gani na nani ndani ya kamati. Ulizeni hadharani, kwenye muhtasari wa kikao, iandikwe.

Halafu hilo la "mara tatu". Ukubwa wa kiwanja si thamani, mwite mthamini aliyesajiliwa ambaye hakuletwa na tajiri, na wakija wawili ndo vizuri, wakuambieni kila kiwanja kitaingiza kodi kiasi gani kwa mwaka. Aliyetoa wakfu katikati ya mji alitaka pato. Kipande kikubwa chenye majani nje ya mji hakisomeshi mtoto.

Tena kwa nini kuuza? Kiwanja cha mjini kinaweza kujijenga bila kumtoka mwenyewe. Yale majengo makubwa yaliyo mbele ya Msikiti Mtukufu wa Makka yamesimama juu ya ardhi ya wakfu wa Mfalme Abdulaziz: mkandarasi alipewa kujenga na kuendesha kwa miaka 28, baadaye majengo yanarudi kwa wakfu, na mnara wa Zamzam pesa zake zilitafutwa kwa sukuk za kuuza haki ya kukaa humo kwa muda. Mtasema ile ni Makka. Basi angalieni Singapore, Waislamu wachache, baraza lao MUIS mwaka 2001 lilitoa sukuk ya musharaka, yaani ya ubia, ya dola milioni 35 za Singapore, mahali pa msikiti wa zamani mtaa wa Bencoolen ukajengwa msikiti mpya pamoja na maduka na vyumba zaidi ya 100 vya kupangisha. Nyinyi hamhitaji sukuk, mwenye mtaji mmoja na mkataba mmoja mzuri wa kujenga, kutumia kwa miaka maalumu na kurudisha unatosha, na huyohuyo tajiri wenu mwambieni hivyo muone kama bado anatabasamu.

Mkataba wenyewe ndo wa kuogopa. Zamani kulikuwa na hikr na ijaratayn, upangishaji mrefu kupita kiasi uliobuniwa kwa nia njema, wakfu hauna pesa za kujenga kwa hiyo mpangaji ajenge alipe kodi kidogo. Kodi ikabaki ileile, mpangaji akarithisha, mrithi akauza haki yake, baada ya vizazi kadhaa wakfu umebaki na jina. Kwenu miaka ihesabike, kodi ya ardhi ipitiwe upya kila baada ya miaka michache, mpangaji asiruhusiwe kuweka ardhi rehani benki, na siku ya mwisho jengo lirudi likiwa zima siyo gofu. Mpeni wakili wenu asome, siyo wakili wake.

Kuna ubaya gani kumpa mtu mashine ya kushonea kwa pesa ya zaka badala ya kumpa chakula kila Ramadhani? Wazee wetu wanasema zaka igawiwe ileile. (Mjumbe wa kamati ya zaka)

Hakuna ubaya, na mafuqaha wa Shafi wenyewe wamesema mwenye ufundi apewe thamani ya vifaa vya ufundi wake hata kama ni ghali, mfanyabiashara apewe mtaji wa biashara anayoijua. Kinachotakiwa ni imilikishwe. Mashine iwe yake, akitaka kuiuza aiuze. Ukimwekea masharti kwamba ni ya kamati na anaweza kunyang'anywa, hujatoa zaka, umeazima mashine.

Kuanzisha mradi kwa pesa ya zaka, kwa mfano karakana ya mafakiri, kuna azimio la Jumuiya ya Fiqhi la Amman, 1986, linalokubali kwa misingi maalumu: mradi uishie mikononi mwa wanaostahili au uwe chini ya chombo cha kisheria kinachogawa zaka, na kwanza mahitaji ya haraka ya wanaostahili yawe yametimizwa. Hilo la mwisho wapenda miradi huwa wanaliruka. Mtu ana njaa leo usimwambie subiri karakana. Ila wazee nao waulizwe, kama majina ya wanaopokea ni yaleyale kila mwaka, kile chakula kimemtoa nani kwenye daftari?

Akaunti ya jumuiya inaongezewa riba na benki. Tuiache hukohuko? (Mweka hazina)

Wanachuoni wengi wa sasa wanasema iondoeni muitoe kwenye manufaa ya umma au kwa maskini bila kunuia thawabu ya sadaka, msiiachie benki. Isiingie hesabu ya zaka, isilipe mishahara yenu wala kujenga msikiti. Iandikwe mstari wake peke yake kwenye ripoti, na mkiweza hamieni akaunti isiyo na riba ili mstari huo uishe.

Vitabu vyetu vya hesabu vinafungwa Desemba. Zaka ya biashara ya jumuiya ya wanachama tunapiga 2.5% ileile? (Mhasibu)

2.5% ni ya mwaka wa mwezi mwandamo. Mwaka wa kalenda ya kawaida ni mrefu kwa siku kama 11, kwa hiyo AAOIFI, bodi ya viwango vya uhasibu wa kiislamu, inaipandisha kuwa 2.577%. Chagueni tarehe moja na msiihamehame. Nisabu, kile kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, mnaweza kutumia gramu 85 za dhahabu kwa bei ya siku hiyo. Na mhasibu, angalia kwanza kama pesa hizo ni za wanachama kweli, kila mmoja na hisa yake, au ni za mfuko wa sadaka. Za mfuko wa umma usio na mmiliki maalumu hazina zaka.